Ngome, zizi, gulio au mzimu? Kutafuta jina la henji

Mwezi uliopita nilikuwa nikitafsiri maelezo ya picha ya Avebury, kijiji cha Wiltshire kusini mwa Uingereza, nikakwama kwenye neno moja siku nzima. Picha ilipigwa kutoka angani. Inaonyesha duara kubwa la tuta la udongo lililoota majani, upana wake zaidi ya mita 400. Ndani ya tuta kuna handaki, ndani ya handaki kuna mawe marefu yaliyosimamishwa, na katikati ya yote hayo kuna nyumba za watu, baa na barabara ya lami. Duara la namna hiyo Waingereza huliita henji. Sisi tuliiteje?

Nilijaribu ngome, nikafuta. Nikajaribu boma, nikafuta. Zizi, uwanja, gulio, mzimu, yote nikayafuta. Maneno hayakuwa haba, ila kila neno lilikuja na kazi yake mfukoni. Ukiandika ngome umeshasema kulikuwa na vita. Ukiandika zizi umeshaingiza ng'ombe. Na kazi ya henji ndilo jambo ambalo wanaakiolojia wamelibishania tangu kabla babu zetu hawajazaliwa. Kwa hiyo nimeyaweka majibu yao ubavu kwa ubavu hapa, ili mwingine akilikuta neno hili achague akijua anachokichagua.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Henji ni eneo la mviringo, au lenye umbo la yai, lililozungushiwa tuta na handaki, na kwa kawaida handaki liko ndani ya tuta. Nyingi zina mlango mmoja au miwili inayotazamana. Avebury ina minne. Zilijengwa Uingereza, Scotland, Wales na Ireland, nyingi kati ya mwaka 3000 na 2000 KK, na watu waliolima na kufuga lakini wasiojua chuma. Walichimba kwa pembe za ayala. Ayala huangusha pembe zake kila mwaka, hivyo zana zilikuwa za kuokota, na zile zilizoachwa chini ya mahandaki ndizo zinazopimwa leo kwa kaboni kujua umri. Usidhani ilikuwa kazi ndogo. Handaki la Avebury lilipokuwa jipya lilishuka mita 9 hivi ndani ya mwamba mweupe wa chaki. Nyumba ya ghorofa mbili ingezama humo na paa lake.

Jina lenyewe ni kichekesho. Mwaka 1932 Thomas Kendrick wa British Museum alilikata kutoka Stonehenge, lile duara maarufu la mawe hukohuko Wiltshire, jina la kale ambalo kipande chake cha pili yaelekea kilihusu kuning'inia, kwa ajili ya yale mawe yaliyolazwa juu ya mengine. Udongo haumo katika jina hilo hata chembe. Na Stonehenge, ukiipima kwa maelezo niliyotoa hapo juu, si henji kamili: tuta lake kuu liko ndani na handaki liko nje. Basi asinicheke mtu nikihangaika na tafsiri. Wenye lugha yao nao walibahatisha.

Ngome, na jirani yake zizi

Ngome ndiyo inayomjia mtu kwanza, na ndiyo inayoanguka kwanza. Anayejilinda huchimba handaki nje na kuinua tuta ndani, ili asimame juu amtwange adui aliye shimoni. Henji imegeuzwa. Adui akifika anakuta kilima cha bure cha kusimama, na mwenyeji yuko bondeni, amezungukwa na shimo alilolichimba kwa mikono yake. Wajenzi wa ngome za kweli katika nchi hiyohiyo hawakufanya kosa hilo. Nenda Maiden Castle, kilima kilichozungushiwa maboma katika Zama za Chuma karibu na mji wa Dorchester, uone jinsi mtu anayeogopa kushambuliwa anavyojenga.

Ndani ya Dorchester kwenyewe ipo Maumbury Rings, na hiyo inanifurahisha kuliko zote. Ilianza kama henji yenye mlango mmoja, mwaka 2500 KK hivi. Warumi walipofika wakaishusha sakafu yake, wakawaketisha watazamaji kwenye tuta, ikawa uwanja wa michezo. Miaka ya 1640, Waingereza walipopigana wao kwa wao, upande wa Bunge ukaigeuza ngome ya mizinga. Baadaye ikawa mahali pa kuulia waliohukumiwa, umati ukitazama. Kwa hiyo ndiyo, kuna henji iliyowahi kuwa ngome, lakini ilisubiri zaidi ya miaka 4000 na ikabidi ifanyiwe ukarabati. Mtu aliyeiona mwaka 1645 angeapa kwamba ilijengwa kwa ajili ya vita.

Zizi lina hoja kidogo zaidi, maana handaki la ndani humzuia aliye ndani asitoke. Lakini ng'ombe anatoshwa na uzio wa miiba. Shimo la mita 9 lingemvunja miguu kabla ya kumzuia. Naliweka zizi kando, ila kile kilicho ndani yake, kuzuia kitu kisitoke, nakitunza.

Saa ya jua

Kwa sisi tuliokulia karibu na ikweta hoja hii inataka maelezo. Huku jua linachomoza saa kumi na mbili, dakika chache huku au kule, mwaka mzima, na hakuna anayelishangilia. Wiltshire mambo ni mengine. Desemba mchana wote haufikishi urefu wa saa nane. Juni unapita saa kumi na sita. Tena mahali pa kuchomozea panahama kwenye upeo wa macho, kutoka kaskazini-mashariki hadi kusini-mashariki, karibu robo ya duara. Mkulima wa kule aliyeona jua likizidi kukimbilia kusini kila siku alikuwa na sababu ya kutaka kujua lini litageuka. Ndugu zetu walioko London au Oslo wanajua Desemba hufanya nini kwenye moyo wa mtu.

Kwamba wajenzi walilijali jua, hilo halina ubishi. Mhimili wa Stonehenge unaelekea jua linapochomoza siku ndefu kuliko zote, na upande wa pili linapotua siku fupi kuliko zote. Woodhenge, iliyogunduliwa kutoka kwenye ndege mwaka 1925, ilikuwa na duara sita za nguzo za mti, moja ndani ya nyingine, na zenyewe zimeelekezwa kwenye jua la Juni. Mwanaastronomia Gerald Hawkins alikwenda mbali zaidi mwaka 1963. Kwa kutumia kompyuta ya enzi zile alidai Stonehenge ilikuwa chombo cha kukokotoa, na baadaye akaongeza kwamba mashimo 56 yanayoyazunguka mawe yake yalitumika kutabiri kupatwa kwa mwezi. Watu wengi walishangilia. Mwanaakiolojia Richard Atkinson, aliyeichimba Stonehenge kwa miaka, alikunja uso.

Mimi nipo upande wa uso uliokunjwa, kwa sababu nyepesi. Mistari ya jua iko kwenye mawe, nguzo na milango. Tuta na handaki haviongezi chochote kwenye hesabu. Mtu anayetaka tarehe tu atachomeka vijiti viwili akalale. Msikiti una kibla, na kibla kimepimwa kwa uangalifu mkubwa, lakini hakuna atakayesema msikiti ulijengwa ili uonyeshe Makka iko wapi. Mwelekeo unakueleza jengo liliheshimu nini. Watu walikuwa wakifanya nini mle ndani, hilo ni swali jingine.

Wengine wanaitaja Thornborough huko Yorkshire: henji tatu zilizopangwa mstari, kila moja yapata mita 240, na ya kati imetoka kidogo nje ya mstari, kama nyota tatu za mkanda wa Orioni. Inapendeza kwenye mchoro. Ila nukta tatu zilizopinda kidogo utazipata popote ukizitafuta. Kinachonigusa zaidi Thornborough ni kwamba yaelekea matuta yalipakwa jasi yakawa meupe. Mtu alitaka yaonekane kutoka mbali.

Makaburi, na neno kutoka Bukini

Kwa Stonehenge ya mwanzo, ile ya mwaka 3000 KK hivi, makaburi hayahitaji kukisiwa. Mifupa iliyochomwa ilizikwa kwenye yale mashimo 56 na pembeni mwa handaki. William Hawley aliifukua miaka ya 1920. Mingi ikafukiwa tena yote pamoja ndani ya shimo moja mwaka 1935, ikatolewa upya mwaka 2008. Maabara ilipopima mifupa ya watu 25, iligundua, matokeo yakatangazwa mwaka 2018, kwamba angalau 10 hawakuwa wameishi kwenye ardhi ile ya chaki miaka yao ya mwisho. Huenda walitoka magharibi, upande wa Wales, ambako ndiko yalikotoka mawe madogo ya Stonehenge.

Tatizo linakuja ukitoka hapo. Durrington Walls iko yapata kilomita 3 tu kutoka Stonehenge, na ni miongoni mwa henji kubwa kuliko zote, karibu mita 500. Mifupa ya watu ndani yake ni michache mno. Woodhenge iliyo mlangoni pake ilikuwa na kaburi la mtoto mmoja katikati. Kama henji ni makaburi, hawa wamezika kwa ubahili wa ajabu.

Hapa ndipo anapoingia Ramilisonina. Ni mwanaakiolojia wa Madagaska, ile Bukini ya wazee wa pwani, na alikwenda Uingereza mwaka 1998 akiwa na mwenzake Mike Parker Pearson, ambaye alikuwa amefanya naye kazi kisiwani kwao. Alipoyaona mawe hakuhitaji hotuba. Kwao nyumba za walio hai hujengwa kwa vitu vinavyooza, mti na udongo, na jiwe ni la wahenga, kwa sababu wahenga hawana mwisho. Basi duara la mawe ni la waliotangulia, na duara la nguzo za mti ni la walio hai. Wakaandika hoja hiyo pamoja: Stonehenge ni upande wa wafu, Durrington Walls ni upande wa wazima, na mto Avon unaunganisha pande mbili.

Waliopinga walikuwa na haki ya kuuliza: desturi ya kisiwa cha Bahari ya Hindi inaihusu vipi Wiltshire ya miaka 4500 iliyopita? Haihusu, kama unataka ushahidi. Lakini hoja nzuri hukwambia uchimbe wapi. Ikiwa Durrington ni ya walio hai, lazima kuwe na alama za watu kuishi. Timu ya Parker Pearson ilichimba katikati ya miaka ya 2000 ikakuta sakafu za nyumba: vyumba vya mraba vya mita 5 hivi, sakafu ya chaki iliyoshindiliwa, jiko katikati, na alama za mahali palipokuwa na vitanda. Nguzo za duara la kusini mle ndani zilielekea jua linapochomoza katikati ya baridi, kinyume cha Stonehenge inayolitazama likitua siku hiyohiyo. Sina haja ya kuamini kila kitu katika hoja ya Ramilisonina ili nikubali kwamba jicho la mgeni liliona kilichowapita wenyeji.

Gulio na karamu

Waliofukua Durrington walikutana na nguruwe. Mifupa ya nguruwe kwa maelfu, mingi ya wanyama waliochinjwa wakiwa na umri wa miezi tisa hivi. Nguruwe wa kule huzaliwa majira ya kuchipua; hesabu miezi tisa mbele, unafika katikati ya baridi, wakati jua limefika mwisho wa safari yake. Baadhi ya mifupa bado ilikuwa na ncha za mishale ndani, ishara kwamba waliwapiga mishale wanyama wao wenyewe, labda kwa mchezo. Mifupa mingine ilitupwa ikiwa bado imeungana, nyama haijatafunwa ikaisha. Hao walikuwa watu waliokuja kula, na walishiba.

Walitoka wapi? Mwaka 2019 timu ya Richard Madgwick ilitoa majibu ya nguruwe 131 kutoka sehemu nne za kusini, ikiwemo Durrington na henji za Marden na Mount Pleasant. Isotopu za mifupa na meno, yaani alama za kikemia zinazoachwa na chakula na maji ya mahali mnyama alipokulia, zilionyesha wengi walikulia mbali: Wales magharibi, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, hata Scotland. Na nguruwe si ng'ombe, humswagi ukasafiri naye siku mia huku ukiimba. Kumleta ni gharama, na aliyemleta alitaka ijulikane kwamba kaleta.

Kwa hiyo mkusanyiko upo. Je, ni gulio? Wanaopenda jibu hilo huitaja Mayburgh, karibu na Penrith, henji isiyo na handaki kabisa: tuta lake ni la mawe ya mtoni, na leo barabara kuu ya M6 inapita ubavuni mwake. Kipande cha shoka la jiwe kiliokotwa hapo, na milima ya Langdale, palipochongwa mashoka yaliyosambaa Uingereza yote na kuvuka hadi Ireland, haiko mbali. Inashawishi mpaka uangalie tarehe: machimbo ya Langdale yalipamba moto zaidi kabla henji nyingi hazijajengwa. Tena gulio halihitaji ukuta. Gulio linahitaji njia panda na siku inayojulikana. Kubadilishana kulikuwepo, kama kunavyokuwepo kwenye kila maulidi na kila harusi kubwa, ila hakukuwa ndicho kilichowaita.

Kuna jibu dada ambalo nalipenda zaidi: kwamba kazi ya henji ilikuwa kuijenga. Handaki la Stonehenge lilichimbwa vipande vipande vilivyokuja kuunganishwa, na ni rahisi kuona msaragambo humo, kila ukoo na kipande chake, jioni nyama. Ukitazama hivyo, tuta lililobaki ni kumbukumbu ya watu kushikana. Udhaifu wake ni kwamba jibu hili linaweza kuelezea piramidi, reli na bwawa la maji vilevile. Halisemi kwa nini duara, wala kwa nini handaki liwe ndani.

Mzimu

Tukubaliane basi kwamba jibu linalofaa ni lile linaloweza kulieleza handaki. Na hapa tarehe zimebadilisha mazungumzo. Wanaakiolojia kama Richard Bradley na Alex Gibson wameonyesha kwamba katika sehemu kadhaa tuta na handaki havikuja mwanzo. Vilikuja mwisho. Kwanza palikuwa na nguzo, au mawe, au moto, au makaburi, watu wakapatumia, ndipo baadaye wakapazungushia. Durrington ni ushahidi wa wazi, kwa sababu baadhi ya zile nyumba za karamu zilikutwa zimelala chini ya tuta. Kijiji kilichangamka kwa muda mfupi, kikaachwa, kisha kikafungwa.

Ukishajua hilo, kugeuzwa kwa handaki kunapata maana. Yule wa zizi alikuwa na nusu ya jibu: kuna kitu ndani kisichotakiwa kutoka. Tofauti ni kwamba hakikuwa na miguu. Mahali palipofanyika makubwa pana uzito wake, na walio hai wanataka mpaka kati yao na uzito huo. Handaki likiwa ndani, tuta nje, watu wanaweza kusimama juu ya tuta na kutazama bila kuvuka, wakati wachache wenye ruhusa wanapita mlangoni. Warumi wa Maumbury hawakuharibu sana walipowaketisha watu pale.

Kamusi zetu hulipa neno mzimu maana mbili: roho ya aliyekufa, na mahali pa kutambikia. Maana ya pili ndiyo ninayoitaka. Panaweza kuwa pango, mbuyu au gofu la nyumba ambayo watu waliishi zamani, na mtu hapiti hapo ovyo. Neno moja linabeba wafu, mpaka na adabu ya kuingia, na halilazimishi kuwe na jeneza. Kiingereza hakina neno kama hilo, ndiyo maana mjadala wao unapasuka vipande: huyu anasema makaburi, yule anasema hekalu, mwingine anasema ukumbi.

Lina kasoro, sikatai. Msomaji wa Nairobi akisikia mzimu huenda akaona filamu ya kutisha badala ya kilima cha majani na kondoo. Na henji ndogo za mita 20, ambazo zipo nyingi, huenda zilikuwa na kazi ya kawaida kuliko hizi kubwa zinazopigwa picha. Ningekuwa naandika kitabu cha shule ningetumia henji, nikaieleza mara moja, nikaendelea. Kwa jarida la wasafiri, "duara la tambiko" linatosha. Neno ngome ningelikataa popote, hata mhariri akinikumbusha kwamba linavutia zaidi kwenye kichwa cha habari. Na "kalenda ya mawe" ningeiachia Stonehenge peke yake, tena kwa shingo upande.

Na kama una safari ya kule na siku moja tu, uchaguzi ni mwepesi. Stonehenge utalipa kiingilio na kwa kawaida utayatazama mawe ukiwa kwenye njia iliyowekwa. Nenda kama unataka kusadiki habari za jua. Woodhenge ni vigingi vya saruji vinavyoonyesha mashimo ya nguzo yalipokuwa, na Durrington Walls ni bonde la nyasi linalohitaji uwe umesoma kwanza. Mimi ningekwenda Avebury. Ingia kwa mlango wa kusini, acha mawe kwanza, simama ukingoni mwa handaki. Limejaa udongo zaidi ya nusu tangu lichimbwe, na bado utajikuta unarudi nyuma hatua moja. Upande gani ulirudi, ndani au nje, hicho ndicho nitakachokuuliza ukirudi.